Kibuyu Ulichotoka Nacho Likawage

Likawage, bara ya Kilwa,
12 Shaabani 1325

Mpendwa Dada Kidawa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa salamu za amani, wewe na shemeji Ahmadi pamoja na watoto. Je, afya zenu? Kifua cha shemeji kimepoa? Na huko Makunduchi, mvua ziliwatosha? Sisi tuliosalia twamshukuru Mungu kwa pumzi.

Dada, keti kwanza. Mama Siti, mzazi wako na mama yangu mkubwa aliyenilea, alifariki tarehe saba Rajabu, asubuhi. Sanda haikupatikana, tulimzika katika shuka lake la kuswalia. Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea.

Utaambiwa ni homa. Si kweli. Ni njaa, na njaa hii haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza siku tulipoamriwa kuyaacha makonde yetu tukalime pamba katika shamba la akida, mtu wa Mdachi, na nguruwe mwitu wakavuna mihogo iliyokosa mlinzi. Waulize waliopanga hivyo: pamba huliwa na nani? Vita vilipozuka, jirani yetu Likwata na wenzake walikunywa maji ya dawa wakaenda, wasirudi. Askari wa Mdachi wakatujibu kwa kiberiti.

Lakini sitajificha nyuma ya Mdachi. Ipo sehemu yangu, nawe ndiwe unayestahili kuisikia.

Niliporudi kutoka Azhari, Misri, niliwahutubia watu wa hapa kwamba unyonge wetu ni kila mtu kuficha chake. Nikataka mbegu zote zikae ghala moja, mali ya wote, ili mjane apande sawa na jumbe. Likwata alicheka, akasema msomi amevuka bahari ili aje kuwafundisha wanawake jiko. Mama naye, ambaye mtama wake mwekundu ulilala darini juu ya moshi wa jiko unaofukuza wadudu tangu enzi za bibi, aliyanyoshea kidole masuke yake.

"Mbegu hazilali kitanda kimoja, mwanangu," alisema. Kisha akazishusha zote, kwa kuwa aliniamini.

Askari hawakuhitaji kupekua jiko hata moja. Ghala liliteketea kabla ya adhuhuri, na mbegu za nyumba arobaini ndani yake.

Mvua zilikuja, ardhi ikalainika, nasi hatukuwa na cha kuipa. Tukaingia msituni kuchimba ming'oko, mizizi ile uliyokuwa ukiikimbia utotoni. Mama alichimba hadi jembe likamshinda. Siku moja alijipangusa udongo, akaniambia, "Haya, ghala la wote ndilo hili." Alicheka. Mimi sikuweza.

Bado naamini kwamba chakula ni haki ya wote, na kwamba asiyeshika jembe hana idhini ya kumwamuru mkulima. Kosa langu ni kudhani kwamba umoja ni kurundika. Mama alimgawia mbegu kila aliyeomba, jiko kwa jiko, miaka yote. Huo ndio uliokuwa umoja wetu, nami niliupita mlangoni nikiutafuta vitabuni.

Neno lake la mwisho lilikuhusu wewe. "Kidawa ana kibuyu," alisema. Ndipo nikakumbuka: ulipoolewa alikufungia kibuyu cha mtama uliochanganywa na majivu, nawe ukakificha ndani ya nguo, mawifi wasije wakakucheka.

Je, ulipanda? Kama hukupanda, niandikie hivyo hivyo. Sitakulaumu, wa kulaumiwa ndiye aandikaye. Kama ulipanda, mpe Huseni, mchukuzi wa barua hii, konzi moja tu ya mbegu. Usitume zote. Nyingine bakiza darini kwako, nyingine wape hao mawifi. Hapa nitazigawa kila nyumba punje zake, ghala sitajenga.

Nisalimie shemeji na watoto. Adija, mjane wa Likwata, anakusalimu sana. Kila siku huwasha moto chini ya dari tupu, asema, ili moshi usisahau njia.

Mungu amrehemu mama, na aubariki mkono wako kwa chochote ulichopanda.

Mdogo wako akupendaye,
Maftaha