Aliyejua Njia ya Mchangani

Ruairidh mwanangu,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Mbwa usimfungulie, miguu imemchanika kwenye mawe.

Asubuhi maji yalipokupwa nilianza kuwavusha ng'ombe wa babu yako, hawa wa manyoya marefu, kutoka kisiwani, kama kila vuli. Wakafika katikati ya mchanga wakasimama, wanamtafuta ng'ombe wao mzee, Dubhag, awatangulie. Na wewe ulishampeleka machinjioni: "Mama, kizee hicho hakizai, kinakula bure tu." Niliwachapa, nikawabembeleza, wapi. Bahari ikarudi. Mitamba wanne wamekufa maji.

~~Usije.~~ Njoo mchangani na trekta na kamba, tuivute mizoga kabla maji hayajajaa tena.

Supu hiyo ni ya Dubhag. Kula ushibe, baba. Aliyekuwa anakula bure hayupo.

Mama yako