Sheria Niliyoitunga

Jumamosi, 8 Novemba
Klabu ya vijana, kama kila Jumamosi. Wamekuja kumi na wanane. Kiongozi wa mwezi huu ni Nadège, miaka kumi na saba. Alipojiunga nasi hakuweza kutaja jina lake bila kutazama viatu. Leo amewagawa wenzake vikundi vitatu na hakuna aliyebisha. Najivunia mtoto huyu kupita kiasi.

Sheria yetu ni moja. Kiongozi akishika kazi, mimi mlezi nafunga mdomo. Makosa nayaandika daftarini, nayasema kwenye tathmini kazi ikiisha. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe. Wageni huisifu.

Jumatano, 12 Novemba
Mvua tangu Jumatatu. Kwa Mama Feza, mjane wa hapa Katuba, maji yameingia hadi jikoni. Nadège ameamua: Jumamosi tunamchimbia mfereji. Hakuniuliza. Vizuri.

Trésor atakuja na koleo la baba yake. Ana miaka kumi na minne, ndiye mdogo kuliko wote, na tunamwita Waziri kwa sababu hawezi kuomba hata maji bila hotuba.

Jumamosi, 15 Novemba
Trésor amekufa.

Walichimba kando ya ukuta wa ua, wa matofali mabichi. Nadège alichagua pale kwa sababu ndiyo njia fupi ya kufika barabarani. Ukuta ulikuwa umelowa siku tano. Niliona. Saa tatu na nusu niliandika: mfereji uko karibu mno na ukuta, kusema kwenye tathmini. Tathmini ilikuwa saa sita. Ukuta ulianguka saa nne na kitu.

Tulifukua kwa mikono. Nadège aliwapanga: wewe tafuta gari, wewe mkimbilie mama yake, nyinyi toeni matofali. Sauti haikumtetemeka. Tulifika hospitali tumebeba maiti.

Jumapili, 16 Novemba
Kilio nyumbani kwa akina Trésor. Baba yake mdogo aliuliza mbele ya wote ni nani aliwatuma watoto kule. Nadège akasimama.

“Ni miye, tata. Miye nilikuwa responsable.”

Hivyo ndivyo tulivyomfundisha kiongozi: simama, jibu. Shangazi mmoja akamwita mchawi. Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Pale hapakuwa na sheria yoyote ya kunizuia. Mwoga. Mwoga mkubwa.

Jumanne, 18 Novemba
Tumezika. Nadège hakuja. Usiku wa jana walirusha mawe juu ya bati la kwao, mama yake amemfungia ndani. Sijala tangu jana.

Jumatano, 19 Novemba
Nimekwenda kwa mama yake Trésor. Nimemwambia yote. Kwamba niliona, niliandika, nikanyamaza. Kwamba Nadège hakujua, na mimi nilijua. Hakulia. Akasema:

“Ulikuwa na mukono ya kuandika. Kinywa ya kumuita mutoto wangu ulikosa?”

Akamwita shemeji yake, yule baba mdogo, akaniamuru nirudie neno kwa neno. Nikarudia. Baadaye nikarudia tena mbele ya yule shangazi. Ametema mate chini, karibu na mguu wangu. Afadhali mimi.

Ijumaa, 21 Novemba
Mawe yamekoma kwa akina Nadège. Mtaani hawanisalimii. Nimefunga ukumbi wa klabu. Vijana wawili walikuja kuuliza mwezi ujao ni zamu ya nani. Niliwafukuza, kisha nikaona aibu.

Jumamosi, 22 Novemba
Nadège amekuja kwangu asubuhi. Amenyoa nywele zote. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akaniita yaya, yaani mkubwa wake, kama siku zote, akauliza jambo moja tu.

“Yaya, uliona mbele ukuta ianguke?”

Nikasema ndiyo, niliona kabla.

Aliomba maji. Nilimpa. Akanywa, akaosha kikombe, akakiweka mahali pake, akaenda.