Upepo Uliozidi kwenye Gari la Kulala

Ptuj, 2 Aprili 2017

Binti yangu Tjaša,

Salamu nyingi. U mzima huko Vienna? Sisi hatujambo, ila mgongo wa mama yako ndio uleule. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena. Miaka thelathini ya injini za mabasi imeniziba masikio.

Nina habari! Nimefunga mifuko ya hewa kwenye ekseli ya nyuma ya gari letu la kulala, kusaidia zile springi za chuma zilizokuwa zikimtesa mama yako akilala kitanda cha nyuma. Karatasi ya maelekezo sikuifungua. Mimi nifundishwe kujaza upepo? Nimejaza kama tulivyokuwa tukijaza mabasi gereji, na gari limesimama wima kama bwana harusi. Jumamosi tunakwenda Izola kwa Majda, dada wa mama yako, ambaye sasa hainuki kitandani. Mama yako ameshaanza kumenya kokwa za jozi za kutia kwenye keki.

Baba yako,
Rajko

Ptuj, 11 Aprili 2017

Tjaša mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, roho imechafuka. Tulifika Trojane njiani, tukasimama kula maandazi kama watu wote. Hata hayajapoa, mama yako kakunja uso.

"Rajko, geuza gari."

"Kuna nini tena?"

"Basi tu. Majda simtaki. Nimekumbuka alivyoninyima shamba la mizabibu la marehemu baba."

"Zdenka, hayo si ya miaka thelathini iliyopita?"

"Geuza, we mzee, au nashuka natembea!"

Nikageuza. Sikujua nimeoa mwanamke mwenye kinyongo namna hii. Nimemwandikia Majda ukweli, asiendelee kutazama mlango bure.

Baba yako,
Rajko

Vienna, 20 Agosti 2017

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mume wangu pia anakusalimu.

Tangu mama mkubwa Majda azikwe mwezi wa sita bila hata mmoja wetu kuwapo, sijakuandikia, na leo nina neno la kukwambia. Ulipotupeleka ziwani mwezi uliopita, nililala nyuma, pale anapolala mama. Baba, lile gari linarusha kuliko mkokoteni! Nikatazama geji ya upepo wa ile mifuko: sita. Nikatafuta karatasi yako ya maelekezo, bado imo kwenye nailoni: gari likiwa jepesi, mbili zinatosha. Upepo ukizidi, mfuko unakuwa mgumu kama jiwe. Basi la abiria hubeba watu hamsini. Nyinyi mlikuwa wawili na keki.

Nilimuuliza mama, akalia. Siku ile pale Trojane maumivu ya mgongo yalimshinda. Hakuwa na ugomvi wowote na dada yake. "Baba yako alikuwa anapiga mluzi kwa furaha," aliniambia, "ningemwambiaje?" Aliniapisha nisikwambie, na leo nimevunja kiapo. Laiti ningeuliza mapema, yeye na dada yake wangeonana. Najuta sana.

Ila baba, ulimwandikia mama mkubwa ukweli gani?

Binti yako,
Tjaša

Ptuj, 9 Septemba 2017

Tjaša mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima, wala si ugonjwa.

Nilipunguza upepo hadi mbili, nikamwomba mama yako radhi, na juzi nikampeleka Izola kaburini. Alilala usingizi njia nzima. Nilifurahi kama mtoto, hata nikasahau ulichoniuliza.

Binti wa Majda akampa mama yako kisanduku cha vitu vya marehemu. Barua yangu ilikuwemo. Nilikuwa nimeandika hivi: "Zdenka amenituma nikwambie kwamba hakutambui tena kuwa dada yake." Hakunituma, mwanangu. Nilikuwa na hasira, nikaandika. Na Majda alikufa akiamini.

Mama yako aliisoma mara mbili, akaikunja, akapanda nyuma, akafunga mlango. Kurudi nyumbani, kilomita mia mbili na ushee, gari halikurusha hata mara moja. Nikaanza kutafuta mashimo barabarani, nikiyapitia makusudi, angalau apige kelele, anitukane. Mifuko iliyameza mashimo yote.

Baba yako,
Rajko