Siku Wote Walipovaa Kijivu

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Soko la Mboga.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, au bado unashindana na ndoo za maji? Shemeji kifua kimepoa? Na binti yetu, anakula vizuri? Mimi ni mzima kupita kiasi.

Dada, tumeshinda! Nilitaka kuanza na hilo kabla hata ya salamu, nikaogopa utasema sina adabu.

Unajua hapa kiwandani tunafua mashuka ya hoteli. Wenyeji huvaa aproni za buluu, wanaitwa mafundi. Sisi wageni tulikuwa wa kijivu, wasaidizi, kwa nusu ya mshahara wao. Kwa amri ya bosi, msaidizi hagusi mashine ya pasi. Kwa vitendo, tuliishika kutwa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ileile, nikanyimwa mavuno. Ndiyo maana nililala kitanda cha kupokezana, na mtoto nikakuachia wewe.

Akaja msichana mwenyeji, tunamwita Kicheko. Nilimfundisha mimi kulisha shuka mashineni bila kuungua vidole. Mwezi haujaisha, akavishwa buluu. Iliniuma, Dada, sikufichi. Lakini alipojua ninacholipwa, hakucheka. Aliwafuata wenzake: "Jamani, bosi akizoea watu wa nusu bei, sisi wa bei kamili atatuweka wa nini?"

Jumatatu naingia kazini, wote wamevaa kijivu! Magari ya hoteli yanangoja mlangoni, mashine imewaka, hakuna anayesogea. Bosi akauliza kulikoni. Fundi mkongwe kuliko wote akamjibu kwa upole, "Sisi wasaidizi tu, bosi. Wasaidizi hatugusi mashine, umesema mwenyewe."

Bosi akavua koti, akalisha shuka mwenyewe. Likatoka limejikunja kama uso wake. Madereva wakaanza kupiga honi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na wallahi katikati ya kicheko nikajikuta nalia.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amesalimu amri: kazi moja, mshahara mmoja, mwenyeji au mgeni. Ijumaa nimelipwa sawa na Kicheko. Tulikumbatiana uwanjani hadharani, bosi akitazama dirishani. Acha atazame!

Jana nimepanga chumba changu peke yangu. Kina dirisha, na shule iko ng'ambo ya barabara.

Nisalimie Babu, shangazi, na jirani yule aliyesema nimepotea mjini. Msomee barua hii polepole. Mola akulipe kwa malezi yako, maana mimi siwezi.

Basi Dada, mfungashie binti yetu. Namfuata mwezi ujao. Najua utalia, lia tu, ila usimfichie viatu.

Mdogo wako akupendaye daima.