Jiwe la Chini la Ngazi ya Mama

Kambi ya wachonga mawe, mto Malagarasi

Mjomba wangu Shabani,

Shikamoo. Naitoa nikiwa nimekaa chini, kama ambavyo ningeitoa barazani kwako. Mgongo wako unaendeleaje? Na mkazamjomba, kifua kimepoa? Nguruwe wamewaachia mahindi ya mteremko wa juu mwaka huu, au mmewalimia wao tena? Mimi nipo. Homa ilinishika ikaniachia, sasa nimerudi kazini. Nikisema ni mzima nitakuwa nimekudanganya, na wewe hukunilea hivyo.

Reli imeshaipita Tabora, nasi tunachonga mawe ya nguzo za daraja. Nchi hii ni tambarare, mjomba, jicho halina pa kuegemea. Mbu wa hapa hawangoji hata jua lizame. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mbu.

Salumu wa kwetu, yule anayefunga breki kwenye gari moshi, amefika na barua yako uliyoandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani. Nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Unasema ngazi ya nyumba ya mama haitaguswa mpaka nirudi mimi, kwa sababu jiwe la chini hulazwa na mwanamume wa ukoo, na Kibwana, mume wa dada, ni mkwe, mtu wa kuja. Najua, mjomba. Nimekua nikisikia kwamba mkwe akililaza jiwe lile, watoto wa nyumba huhesabiwa wa ukoo wake, na ukoo wetu unakwisha. Sibishani na wazee waliolala.

Ila Salumu aliniletea na maneno ya dada Mwanaidi, ambayo mwalimu hakuyaandika. Alimkuta kwenye ngazi na mtungi, akishuka kijitoni kwa kukaa, kutoka jiwe hili hadi jiwe lile, na tumbo likiwa mbele yake. Salumu akataka kumpokea mtungi, naye akacheka, akasema, "Mwambie Rajabu siku hizi nashuka kwa makalio, kama yeye alivyokuwa akishuka mtoto. Mwambie mimba ile niliiacha kwenye jiwe la chini. Hii siiachi hapo."

Salumu anasema alicheka. Mimi sikuweza kula siku ile.

Unayajua mawe yale. Yamebonyea katikati kama bakuli, mvua ikinyesha yanashika maji, na utelezi wa kijani unaota humo. Jiwe la chini ndilo bovu kuliko yote, linacheza ukilikanyaga. Hapo ndipo alipoanguka masika yaliyopita, mtungi ukapasuka na mtoto akatoka kabla ya wakati wake. Njia nyingine ya kijitoni hakuna, mteremko wenyewe unaujua. Kibwana humchotea maji akiwapo, lakini siku anazoitwa na jumbe kwenye kazi ya barabara, nani atachota? Na masika haya yanakuja, na tumbo linakuja nayo.

Nilikwenda kwa nyapara kuomba ruhusa. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema bado hajafa mtu. Akasema basi kipande changu cha siku za kazi kijae kwanza, na ngazi itaningoja. Nilirudi siku ya pili nikamwangukia miguuni, mjomba, mimi ambaye unanijua, na akaniambia nikiendelea nitaonja viboko hamsa ishirini. Mwenzetu mmoja alitoroka akarudishwa kwa kamba. Mpaka leo analala kifudifudi.

Maji yamenifika shingoni. Kwa hiyo nimefanya hili, nawe uamue.

Nimechonga jiwe la chini. Nimelichonga hapa, jioni baada ya kazi, na msimamizi aliniachia kwa sababu lilikuwa na ufa pembeni, halifai daraja. Ufa nimeuondoa. Sehemu ya juu sikuilainisha, nimeiparuzaparuza kwa patasi ili mguu wenye maji ushike. Upana wake nimeupima kwa miguu yangu miwili, maana mja mzito hukanyaga kwa kuweka mguu mmoja, akauleta na wa pili hapohapo, kabla ya kushuka tena. Hakuna mkono mwingine ulioshika patasi juu yake.

Salumu atalishusha stesheni ya Morogoro. Kibwana atalipandisha mlimani. Mkwe kubeba mzigo wa ukweni hakujawahi kuwa mwiko, tangu lini tumewaonea huruma? Likifika, atafukua jiwe bovu na kulilaza hili. Wewe mgongo haukuruhusu kuinama, basi weka mkono wako juu yake, ukae tu hapo mpaka litulie. Kazi yangu imo ndani ya jiwe na mkono wako uko juu. Katikati Kibwana atakuwa nguvu tu. Mawe mengine ya juu hayana mwiko, ayatengeneze apendavyo.

Unasema ni mtu wa kuja. Wazee haohao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjomba, dada yangu alinibeba mgongoni kwenye ngazi ile hata kabla meno hayajaniota. Ukilinda ukoo kwa kumwacha mtoto afie tumboni mwake, nani atakuwa ukoo wenyewe? Nisamehe kwa ukali huu. Nakuomba, nakuomba.

Nisalimie mkazamjomba. Nisalimie Kibwana, shemeji yangu, umwambie alichukue jiwe taratibu asije akajivunja yeye. Mwalimu aliyekuandikia barua, mpe salamu na shukrani.

Dada akishuka kwa miguu na kupanda na mtungi wake hadi mlangoni, niandikie. Ikiwa sivyo, mjomba, usiniandikie kitu. Niache nikiendelea kungoja.

Mimi, mtoto wa dada yako,
Rajabu