Hesabu Uliyoniagiza

Nje ya mji wa Bati, Wollo,
Msimu wa mvua.

Kwa mdogo wangu Yitbarek,

Salamu nyingi zikufikie huko Addis Ababa, wewe na mkeo na watoto, pamoja na vitabu vyako na ile tai unayoivaa hata Jumapili. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, wanangu hawajambo, ng'ombe mwekundu amezaa, na mtama mwaka huu umekubali. Habari za mama nitakupa mahali pake. Usiniharakishe. Mkate wa injera ukishamwagwa kwenye kikaango haugeuzwi, husubiriwa mpaka uive, na barua hii ni hivyo hivyo.

Anayekuletea ni Jemal, mwana wa mjomba Hasen. Najua hupendi kuonekana naye. Aliniambia mwaka jana alikusalimia nje ya chuo chako, amevaa nguo zake za kuchomelea vyuma, nawe ukamwitikia kwa kidevu, kisha ukawaambia wenzako eti ni fundi wa geti. Loo! Fundi wa geti, mtu aliyekuwa akikubeba mgongoni kuvuka mto kwa sababu msomi wetu alikuwa anaogopa chura! Sasa yuko sebuleni kwako na wenzake. Wape viti. Wakikataa kahawa usiwalazimishe. Nimemwomba asiondoke mpaka usome neno la mwisho, na wewe usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka watu.

Tuanze na kazi uliyonituma. Ulinipigia simu wakati wa palizi ukasema kuna mtu wa upande wa pili amesema hadharani kwamba bonde letu ni la Waoromo na Waislamu watupu, na wewe unataka kumjibu kwa takwimu. Ukaniagiza nipite nyumba kwa nyumba, niulize nani Mwamhara, nani Mworomo, nani wa kanisani, nani wa msikitini. Nikakwambia mama anaumwa, hainuki tena. Ukasema maskini, pole yake. Halafu ukauliza nitaanza lini.

Nilianza, usije ukasema dada yako mvivu. Nyumba ya kwanza ni ya Zewditu Ibrahim, yule mwuza pilipili. Nilipomuuliza yeye ni nani alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua. Akasema yeye huingia maji ya sikukuu ya Ubatizo kila Januari pamoja na wengine, baba yake alikuwa muadhini, bibi yake hakujua neno la Kiamhara hata la kuombea maji, sasa mimi nataka nimkate kuanzia wapi, kichwani au kiunoni? Akaongeza kwamba nikuulize wewe uliyesoma, maana yeye tumbo lake likilia njaa halijasema bado linalia kwa lugha gani.

Nikaenda kwa wale ndugu wawili wa kwenye mteremko, Kasaye na Umer, tumbo moja, ziwa moja. Kasaye akasema wao ni Waamhara. Umer akasema we mwehu nini, sisi ni Waoromo, baba yetu alikuwa akitutukana kwa Kioromo. Kasaye akasema kutukana si ukoo. Umer akavua kiatu akamrushia. Basi mimi na hesabu yako tukapita katikati ya viatu, na nilipofika nyumba ya tano nikaona aibu yangu imetosha, nikarudi nyumbani kukoroga mchuzi wa shiro.

Mjomba Hasen ndiye aliyecheka kupita wote. Akasema enzi zao watu walihesabu ng'ombe, tena jioni tu, kuona kama fisi amekula. Na usidhani nakuonea wewe peke yako, Yitbarek. Yule wa upande wa pili naye ni debe tupu kama wewe, hakai hapa, halimi hapa, anatugawa kutoka kwenye simu yake huko aliko. Siku mkikutana mtapendana sana, maana hakuna mwingine duniani anayefurahia mazungumzo yenu.

Lakini kama ungeishia kwenye hesabu ningecheka nikasahau. Wewe ukaenda ukashika chama cha kuzikana. Kire yetu, Yitbarek! Tangu babu mpaka leo, mtu akifa mpiga mbiu hupanda kilimani akaita kilima chote, na kilima chote huja. Wa msikitini huchimba kaburi la wa kanisani, wa kanisani hubeba machela ya wa msikitini, kila mmoja husimama pale dini yake inapomruhusu kufika, wala hakuna aliyewahi kufundishwa. Wewe ukaleta turubai jipya la bluu, viti vya plastiki na kipaza sauti, ukasema ni vya chama kipya cha damu safi. Ukamweka Wubshet awe mwenyekiti. Wubshet! Mtu ambaye tangu azaliwe hajashika sepetu ya kaburi, kila msiba mgongo unamuuma, ila wali ukiiva mgongo unapona.

Siku ile ya kukabidhi turubai ulilala kwetu, unakumbuka? Ukaona ukutani ile sufuria ya pili ya mama na kile kisu chake, vinavyotoka tu wakija kaka zake, wachinje wenyewe na kupika wenyewe, wapate kula nyumbani kwa dada yao bila kuvunja dini yao. Ukasema vitu hivyo vitupwe, vinaleta maswali. Ulipoondoka mama aliipangusa ile sufuria vumbi, akairudisha kwenye msumari wake, akasema mtoto amechoka na safari. Kila mara ulipomtia aibu, mama alisema umechoka na safari.

Na jina umelikata pia. Jemal amenionyesha kitabu chako. Yitbarek Asfaw, basi, umekomea kwa baba. Seid, babu yako, umemwacha njiani kwa sababu jina lake linanuka msikiti. Mkataa kwao mtumwa, na wewe utumwa huo umeulipia ada ya chuo kikuu.

Haya, sasa habari za mama.

Ugonjwa wake ulipozidi alitaka jambo moja tu. Hakutaka hospitali ya Dessie wala dawa zako za kutuma na basi. Alisema siku yake ikifika anataka mbiu ipigwe mara moja kwa kilima kizima, na kaka yake Hasen ashike mti wa mbele wa machela. Alizaliwa Rukiya binti Dilo, Mworomo, Mwislamu. Akabatizwa Wolete Maryam alipoolewa na baba, na kwa miaka yote hiyo alifunga mifungo ya kanisa bila kukosa, na kila asubuhi akabariki kahawa kwa Kioromo. Hakuona kwamba kuna kitu kimegongana. Hofu yake ilikuwa chama chako. Aliniuliza mara kwa mara kama turubai la Yitbarek litamzuia Hasen. Nikamwambia haliwezi, huku moyoni sijui.

Mdogo wangu, mama yetu amefariki. Alikwenda asubuhi, mvua ikinyesha, mkono wake ukiwa mikononi mwangu.

Kabla hajakata roho aliniuliza kama umepiga simu. Nikamwambia umepiga. Sikumwambia uliuliza nini.

Wubshet alifika kabla sijamaliza kumfumba macho. Hakusema pole. Alisimama mlangoni akasema kuna utata, kwa kuwa marehemu kwa kuzaliwa si wa kwetu, na mjomba wangu akija na watu wake itabidi wakae chini ya turubai la chama, na kanuni inasema turubai ni la mtu ambaye baba na mama wote wawili ni Waamhara wa kanisani. Akanyoosha kidole hewani kama kasisi. Nikamwuliza, kwa kanuni hiyo, mwenye turubai mwenyewe je, akifa? Umeielewa hiyo, msomi? Siku ukifa wewe turubai lako halikufuniki. Akasema kamati itakaa. Akataka kukupigia simu, nikamnyang'anya simu, nikamwambia mtoto wa mtu haambiwi kifo cha mama yake kwa simu kama bei ya kitunguu. Hata wewe, Yitbarek. Hata wewe hukustahili hilo.

Kamati ikakaa. Wakati inakaa, mpiga mbiu wa zamani alipanda kilimani kwenye mvua bila kipaza sauti, akaita. Wakaja, Yitbarek. Mjomba Hasen na watu wa msikitini wenye sepetu begani. Zewditu na chungu chake. Wale wa chama chako wenyewe wakaanza kutoka kwenye mkutano mmoja mmoja, wakijifanya wanaenda kuangalia ng'ombe. Tulikaa na mashuka tuliyojitanda yamelowa mpaka ndani. Mjomba alishika mti wa mbele wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wako, mwana wa mwisho, kila mtu alijua, na kwa muda ulibaki hewani bila mtu. Jemal, aliyekuwa amesikia shangazi yake amezidiwa akasafiri usiku kucha kwenye lori la saruji, akauweka begani. Kasaye na Umer walishika nyuma, na sikusikia kiatu. Watu wa msikitini walisimama kwenye lango la kanisa mpaka mapadri walipomaliza, mvua ikiwapiga, hakuna aliyeondoka.

Turubai la bluu lilifika tukiwa tunasawazisha udongo. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba marehemu ahesabiwe kwa huruma. Kwa huruma! Wanawake walimzomea Wubshet mpaka akajifunika nalo.

Nawe unajua desturi yetu, hata ukijifanya umeisahau. Aliye mbali haambiwi msiba peke yake. Watu wa kwao huja alfajiri kabla hajatoka, wakakaa, wakakataa kila kitu, mpaka wamwambie, ili akianguka pawe na mikono. Kabla hajaondoka hapa nilimwagiza Jemal atafute kwa simu watu wa kwetu huko mjini wa kuja naye kwako. Aliwapigia wale wa chama chako cha huko kwanza, nilitaka hivyo. Mmoja ana semina, mwingine akauliza kama mama alikuwa upande gani. Kwa hiyo hao ulio nao sebuleni ni wachomelea vyuma na wachukuzi, wengi wao wanasali Ijumaa, na wamekubali kupoteza kibarua cha leo kuja kukushika. Ndiyo maana hawanywi kahawa yako. Waache wakushike, usijikaze mbele yao, hawaandiki vitabu.

Mjomba Hasen anakupa pole. Zewditu anakupa pole. Wanangu wanakusalimu, wanauliza wewe mjomba wao utakuja lini. Ukija, njoo na jina lako zima, na utakula kwenye sufuria yoyote utakayopewa.

Na hesabu yako usiiache na makosa. Ipunguze mmoja. Ni wa upande gani, tafuta wewe, ndiye uliyesoma.

Dada yako,
Etagegnehu Asfaw Seid,
binti wa Rukiya.