Vidoa vya Bluu

Jumatatu, 8 Mei 1995
Nimegonga vidoa maabarani tangu asubuhi. Muhuri wa mpira, protini ya vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, karatasi. Tena na tena. Ng'ombe akiwa mgonjwa, kingamwili za damu yake hunata kwenye vidoa, na tukipitisha dawa vinageuka bluu. Akiwa mzima, karatasi inabaki nyeupe. Lakini kwanza sehemu tupu za karatasi lazima zipakwe protini nyingine, la sivyo damu inanata ovyo. Sisi hutumia gelatini. Imekwisha. Dokta Kaijage, bosi wangu, anasema iko njiani kutoka Dar. Soko huria limeleta mitumba na pipi, gelatini bado.

Nimetumia maziwa ya Mama Sabina, jirani yangu hapa Nyakato. Maziwa nayo ni protini. Nilijiona mjanja. Dokta sikumwambia.

Jumatano, 10 Mei
Ng'ombe wa Mzee Lubango wa Kigongo. Bluu, wote. Damu ya ng'ombe mzima, ya kulinganishia, imebaki kidogo, nikaibania, sikuipima.

Ni ng'ombe wa mahari ya mwanawe. Baba wa binti anataka kuuza maziwa mjini, hapokei ng'ombe asiyepimwa. Mzee alikuja mwenyewe kuchukua majibu, kofia mkononi. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Akasema hakuna hata mmoja aliyewahi kutupa mimba, je, tuna uhakika? Nikamjibu kwamba vipimo havidanganyi. Kwa sauti ya msomi kabisa.

Ijumaa, 12 Mei
Mzee Lubango amewapeleka machinjioni. Wote. Wakwe wamevunja mazungumzo. Dokta kaambiwa na bwana mifugo, akanipasha huku akifuta miwani.

Kundi zima, bila hata mmoja aliyesalimika? Haijawahi kutokea hapa.

Jumamosi, 13 Mei
Maabara imefungwa, ufunguo ninao. Nimepitisha dawa kwenye karatasi isiyo na damu yoyote. Maziwa peke yake. Bluu.

Mgonjwa ni ng'ombe wa Mama Sabina. Kingamwili zake zimo kwenye maziwa, nami nikazipaka juu ya kila karatasi. Napima ng'ombe kwa maziwa ya ng'ombe. Mjinga.

Nikairudia damu ya ng'ombe wa Mzee, safari hii kwa ute wa yai. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe hadi ya mwisho. Nimewachinja mimi.

Jumatatu, 15 Mei
Nimemwambia Dokta. Hakufoka. Anataka tuseme dawa ilikuwa mbovu, basi. Mfadhili wa maabara akisikia ukweli, sote tutarudi mitaani. Nikaitikia kwa kichwa. Najichukia.

Nimemwambia Mama Sabina achemshe maziwa na amwite bwana mifugo. Kanuna. Anadai nimetumwa na wauza maziwa wenzake.

Alhamisi, 18 Mei
Kigongo. Dokta hajui. Nimemweleza Mzee Lubango kila kitu, muhuri, maziwa, uvivu wangu. Akauliza kama nimekula. Afadhali angenipiga.

Ameomba jambo moja tu. Niende kwa wakwe nikaseme hivyo hivyo, kwa sababu kule wanamwita tapeli. Kazi nikiipoteza, na ipotee.

Jumapili, 21 Mei
Nimekwenda baada ya misa. Baba wa binti alinipa kiti, nikaletewa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema ameelewa. Lubango si tapeli. Na binti yake bado anamtaka yule kijana. Nikapumua, mara ya kwanza wiki hii.

Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote: "Sasa hao ng'ombe wazima wako wapi, mwanangu?"

Binti alikuwa uani anaanua nguo, karibu kiasi cha kusikia. Aliendelea kuanua.